Bwatye ya pedalie ya kuvisi ao ya kugongelea? Muulizeni fundi aliyeniharibia kinga, baiskeli yangu

Nilitaka tu kusema kama bwatye, kile kinachoshika ekseli ya pedali chini ya kinga, ikiwa ya kuvisi inashinda ya kugongelea, basi, lakini hasira imenipanda.

VTT yangu ya kwanza, baiskeli ya milimani, ilikuwa ya kugongelea, rulma (beringi) zinaingizwa ndani ya kadre (fremu) kwa nguvu, hakuna filete, zile nyuzi za skrubu. Ata mwezi haukuisha, kwi kwi kwi! Kila nikisimama juu ya pedali inalia, ju vumbi ya Goma si vumbi, ni lava iliyosagwa, inapenya kati ya rulma na kadre, grese inageuka msasa. Nikauza. Nikapata ya kuvisi, vikombe vyake vyenye rulma vinafungwa kwa filete na vinakaa inje ya kadre, na msimu mzima wa mvua kimya. Kimya kabisa!

Rulma zikaanza kucheza kidogo njo nikapeleka kwa fundi mmoja kule Birere, mtaa wa Goma. Namwambia papa, upande wa shene (mnyororo) unafunguka kinyume, zungusha kuume, walifanya hivyo ju isijifungue yenyewe ukikanyaga. Akaniangalia toka viatu mpaka kichwa: "Kijana, nilianza kufungua kinga wewe bado unanyonya." Watu wakacheka. Akachomeka tiyo (bomba) kwenye kle (spana), akalalia kushoto na uzito wake wote, kumbe yuko anakaza! Mara ikalegea, akatabasamu ati imeachia. Imeachia nini? Kikombe kimetoka na filete ya kadre imejizungusha juu yake kama uzi. Na bado akaomba dola 5. Nikamupa 2, ju watu walikuwa wanatazama, na hizo 2 zinaniuma kuliko kadre.

Sasa ile ya kugongelea niliyoitukana, angalau haina filete ya kuuliwa na kichwa ngumu. Tena aliyeinunua aliniambia alipaka grese kwenye pedali na kelele ikapungua nusu, kwa hiyo labda niliionea. Hapana. Nusu nyingine ilikuwa ya nani? Ilikuwa mbaya.

Kinga ya baba iko na goroli tupu, 11 kila upande, anafungua barazani, anaosha na petroli, anapaka grese, kesho anaenda Sake na mzigo. Nayo upande wa shene inafunguka kinyume, na yeye hajawahi kuwa fundi.

Kadre yangu iko nyuma ya mlango. Kila asubuhi mzee anapita anauliza kama nataka aniazime ya kwake.