MiniZinc kwa ratiba ya shule, walimu wa taaluma ijaribuni

Wadau, kama wewe ni mwalimu wa taaluma huku Mbeya na kila Januari unapasuka kichwa na ratiba kwenye Excel, tafuta MiniZinc. Ni programu ya kompyuta ya bure, inatoka Chuo Kikuu cha Monash, Australia. Unaandika masharti yako mara moja tu, yani mwalimu asiwe madarasa mawili kwa wakati mmoja, maabara iingie mkondo mmoja mmoja, alafu ndani yake kuna injini kadhaa za kutafuta jibu, unachagua ipi ifanye kazi bila kuandika upya kitu.

Hapo ndo penye utamu. Injini ya Gecode inajaribu, ikikwama inarudi nyuma inajaribu njia nyingine. Chuffed ikikwama inaweka kumbukumbu ya kilichoikwamisha ili isiingie tena shimo lile lile. CP-SAT ya Google yenyewe inaachia mbinu tofauti kwa pamoja na zinapeana taarifa, ila ongeza thredi (idadi ya kazi inazoendesha sambamba) kwenye seting, ukiacha ilivyo inatumia moja tu. Kuna mashindano ya injini hizi kila mwaka tangu 2008, MiniZinc Challenge, na hii ya Google imebeba dhahabu mara nyingi.

Lakini msipime kwa ratiba moja mkatangaza bingwa! Hapa shuleni kwetu upande wa Uyole Chuffed ndo iliwahi kutoa ratiba halali, ila tulipotaka vipindi vya walimu visiachane achane CP-SAT ikaipita mbali sana. Zipeni zote dakika sawa, data za mihula tofauti, mbadilishe na sidi (namba inayoanzisha uchaguzi wake wa kubahatisha) maana injini inaweza ikabahatisha leo kesho ikalala. Mimi siku hizi naziwasha zote mbili sambamba nachukua ratiba iliyo bora.

Kasoro, ni Kiingereza kitupu na lugha yake ya kuandikia masharti inataka uvumilivu.

Kilichonifurahisha zaidi ni findMUS, kifaa kinachokuja na MiniZinc. Masharti yakigongana programu inasema tu haiwezekani, sasa findMUS inakuonesha yapi yanagongana. Kwetu ilinasa mwalimu wa fizikia anayekuja kutoka Tukuyu Jumatatu na Alhamisi tu, pamoja na sharti kwamba dabo (vipindi viwili mfululizo) za maabara ziwe kabla ya chai. Kabla ya chai kuna vipindi vinne, yani dabo mbili, kwa siku mbili dabo nne, na mikondo yake ni mitano. Tukaupeleka mkondo mmoja baada ya chai, ratiba ikatoka.