Kitabu cha mitumba cha wapanda farasi wa Warwickshire: nyota 4, ya tano imekwenda na ramani

Muuzaji wa mtandaoni aliandika "hali nzuri sana". Kilipofika, ramani ya Gallipoli, uwanja wa vita kule Uturuki, ilikuwa imechanwa, limebaki pindo tu. Nilimwandikia, kimya. Nilikuwa nimeshaanza kukisoma kwenye basi hadi nikapitiliza kituo, basi nikakibakiza.

Naishi Coventry mwaka wa tisa huu, na sikujua habari za hawa Yeomanry, wapanda farasi wa kujitolea wa Warwickshire, jimbo la Uingereza. Kikosi kilianzishwa 1794, Waingereza wakihofia kuvamiwa na Wafaransa. Mkulima alijiandikisha kwa hiari, akafanya mazoezi siku chache kwa mwaka, kisha akarudi shambani kwake.

Sura ya Huj, kule Palestina, nimeirudia mara tatu. Tarehe 8 Novemba 1917, watu wa Warwickshire na wenzao wa Worcestershire, jumla hawafiki 200, waliwatimua farasi mbio kuelekea kwenye midomo ya mizinga ya Waturuki. Hakukuwa na mizinga wala bunduki za rashasha za kuwakinga. Mkononi upanga, basi. Wakateka mizinga 11. Wengi walikufa, na farasi sijui niseme nini, maana mwandishi anawalilia kuliko watu.

Ajabu ni kwamba wapanda farasi hawa kila mara walikuwa wakishushwa. Gallipoli 1915 farasi waliachwa Misri, wakapigana kwa miguu. Mwaka 1918 wakageuzwa wapiga rashasha, wakapakiwa kwenye meli Leasowe Castle kwenda Ufaransa, nayo ikazamishwa na nyambizi karibu na Alexandria. Vita vya Pili walirudi tena Palestina na farasi. Kufika El Alamein 1942 wamo ndani ya vifaru.

Kinachoniudhi ni jinsi kitabu kinavyopita haraka, kama aliyekanyaga kaa la moto, kwenye kazi yao ya nyumbani. Yeomanry walitumika pia kuwatawanya raia. Wenzao wa Manchester ndio waliowaingilia kwa panga watu waliokusanyika kwenye uwanja mjini Manchester mwaka 1819 (mauaji yanayoitwa Peterloo) kudai uwakilishi bungeni. Humu imepewa sentensi mbili! Orodha ya medali ina kurasa kumi na moja.

Kiingereza chake ni cha kizamani, vyeo vingi, lakini ukifika Huj hukiweki chini. Ukikiona kinauzwa, omba kwanza picha ya ramani.