Kaunta buku au simu: hadithi yako uiandikie wapi?
Kama ndo unaanza kuandika hadithi mi nakushauri kaunta buku, lile daftari nene la jalada gumu, saizi ya kwaya mbili (quire 2), kwa sababu ukikata sentensi bado unaiona, unaweza kuirudia wiki ijayo, ukachora mshale, ukaandika umri wa mhusika pembeni, na hakuna meseji ya WhatsApp ya kukukatisha wahusika wakiwa katikati ya ugomvi. Simu inafaa kwenye daladala, umesimama, konda anajibizana na abiria, unayaandika yale maneno fasta kabla hujayasahau. Ila kufuta ni rahisi mno, unabaki kusafisha aya ya kwanza tu. Daftari shida yake kuchapa upya, maana mswada wa kupeleka Tuzo ya Mwalimu Nyerere ya uandishi bunifu, iliyozinduliwa 2022, lazima uuchape. Lakini hapo hapo kwenye kuchapa unahariri, unashtuka kumbe sura nzima haina kazi.