Kowa TSN-501: darubini ndogo ya ndege, nyepesi na ngumu

Jamani kama mnaangalia ndege wa pwani na mmechoka kubeba madarubini mazito, hii iangalieni vizuri. Ina gramu 400 hivi, yaani unaitupia kwenye begi na chupa ya maji na nafasi bado ipo. Lenzi ya mbele ni milimita 50, zumu inakuza mara 20 mpaka 40, na ndani imejazwa gesi ya naitrojeni kwa hiyo ukungu haufanyiki kwa ndani, nayo imezibwa mvua isiingie, na pale Mida Creek, Watamu, pwani ya Kenya, hilo ndo la maana kabisa maana unyevu wa bahari unamaliza vifaa haraka.

Maji yakipwa wale ndege weusi kwa weupe wanaokula kaa wanakuwa mbali huko, kwa binokula unaona vidoti tu, lakini na hii hata ule mdomo mnene unavyombana kaa unauona. Ukivuta hadi 40 picha inafifia, lenzi ndogo haikusanyi mwanga mwingi, hasa jioni, mi nabaki 20 hadi 30. Na stendi nunueni ya maana, ile nyepesi ya simu upepo ukipiga kidogo tu ndege wote wanacheza.