Meza ya sarafu za zamani, soko la Mwanjelwa, Mbeya: mali nzuri, maelezo nusu

Anza na sarafu za heller 20 (fedha ya enzi za Wajerumani) za Tabora za 1916. Ziligongwa kwenye karakana ya reli wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, hivyo taji kufifia si lazima uwe uchakavu. Muuzaji anaziita zote "zimechoka" na kushusha bei. Mwenye jicho anafaidi. Shika ukingoni, inamisha chini ya taa, tumia lenzi ya mara 10. Palipofifia pakiwa bado na ukwaru wa bamba (kipande cha madini kabla ya kugongwa) na mng'ao wake, chapa haikushuka vizuri. Pakiwa laini na pamebadilika rangi, pamesuguliwa na mikono. Shilingi za simba za Afrika Mashariki za 1948 hadi 1952, kagua manyoya ya shingoni. Tatizo: sarafu nyingine muuzaji amezisugua kwa ndimu. Asidi hula mng'ao, ushahidi wenyewe. Hizo achana nazo.