Ms. Marvel, kitabu cha kwanza: Kamala Khan na sura yake mwenyewe

Nimemaliza kitabu cha kwanza cha katuni ya Ms. Marvel, kinachokusanya matoleo 5 ya mwanzo ya mwaka 2014, nikakirudia papo hapo. Mwandishi ni G. Willow Wilson, Mmarekani aliyesilimu. Mchoraji ni Adrian Alphona. Mwaka 2015 kilishinda Hugo, tuzo ya hadithi za kisayansi na za njozi, na kwangu mimi kilistahili.

Kamala Khan ana miaka 16, mtoto wa Wapakistani waliohamia Jersey City, Marekani. Tunamkuta dukani akinusa nyama ya nguruwe ambayo hataila. Aliyelelewa nyumba ya Kiislamu katikati ya watu wa dini nyingine hahitaji kuelezwa zaidi. Abu na Ammi, yaani baba na mama yake, wanamkatalia kwenda pati, naye anatoroka usiku.

Njiani ukungu wa ajabu unampa nguvu za kubadili umbo. Na sura ya kwanza anayojivika ni ya Carol Danvers, shujaa aliyewahi kuitwa Ms. Marvel: mzungu, nywele za dhahabu, vazi la kubana, buti ndefu. Shujaa aliyekuwa akimuota siku zote hakufanana naye hata kidogo. Kumbe buti zinaumiza, nywele zinamwingia machoni, na nguo yenyewe haimsitiri.

Nilimkumbuka Captain America, shujaa mwingine wa katuni. Joe Simon na Jack Kirby, wote wana wa familia za Kiyahudi zilizohamia Marekani, walimchora akimtwanga Hitler ngumi kwenye jalada la toleo la kwanza, lenye tarehe ya Machi 1941, Marekani ikiwa bado haijaingia vitani. Hasira ilikuwa yao, lakini waliyemvika bendera ni kijana wa nywele za dhahabu. Kirby mwenyewe alizaliwa akiitwa Jacob Kurtzberg. Zaidi ya miaka 70 baadaye, Kamala, mtoto wa wahamiaji, amepewa jina kubwa la kishujaa huku akibaki na jina lake, dini yake na rangi yake.

Kipande kilichonitoa machozi ni pale msichana anayemdharau kwa sababu ya dini yake anapozama majini. Kamala anaikumbuka aya ambayo baba yake huisoma mara kwa mara, kwamba anayeokoa nafsi moja ni kama ameokoa watu wote, kisha anamvuta. Kinachomsukuma kuwa shujaa wa Kimarekani kimetoka kwenye Kurani ya nyumbani kwao. Baadaye vazi lake analitengeneza kutokana na nguo yake ya stara ya kuogelea.

Michoro ya Alphona itazame taratibu, vichekesho vingi amevificha nyuma ya wahusika. Adui hana uzito, na hadithi inakatika ghafla, kwa hiyo andaa pesa ya kitabu cha pili. Kiingereza chake ni cha vijana wa mjini, ila picha zinasaidia. Wazazi, kitabu hiki msiwaachie watoto peke yao, nanyi kisomeni. Baba na mama yake Kamala wameandikwa kwa heshima na mapenzi ambayo ni nadra kuyaona kwenye katuni hizi.