TAHADHARI: Domeni ya "bure" iliyoandikishwa kwa jina la muuzaji

Ndugu wasomaji, naandika kuwatahadharisha wale wanaojiandaa kufungua tovuti yao ya kwanza, hasa watakaovutiwa na muuzaji wa huduma ya kuhifadhi tovuti anayetoa domeni (anwani ya tovuti) bure kwa mwaka wa kwanza. Ofa yenyewe si kosa, kwani hata wauzaji waaminifu huitoa. Kilichoniponza mimi ni kutouliza domeni hiyo ingeandikishwa kwa jina la nani.

Tovuti yangu ilikuwa ndogo: kurasa tano, picha chache na fomu ya mawasiliano. Muuzaji alinifanyia kila kitu, nami nikamshukuru, maana sikujua hata tofauti kati ya domeni, ambayo ni anwani tu, na seva, ambamo ndimo mafaili yanamokaa. Mwaka ulipokaribia kwisha nililetewa ankara iliyozidi ile ya kwanza mara tatu, ikiwa na ada ya cheti cha usalama (kinacholinda mawasiliano kati ya tovuti na mgeni wake) ndani yake, ilhali vyeti vya Let's Encrypt, shirika linalotoa vyeti hivyo, hutolewa bure na seva iliyopangwa vizuri huvihuisha yenyewe. Nilipomjulisha kwamba ningependa kuhamia kwingine, alinijibu kwa sentensi moja: "Domeni ni mali ya kampuni."

Baada ya siku mbili tovuti ilizimwa, na barua pepe yangu ikazimika nayo kwa kuwa ilitumia domeni hiyohiyo. Kibaya zaidi, akaunti aliyonifungulia kwenye mfumo wake ilikuwa imeunganishwa na barua pepe hiyo, kwa hiyo kila nilipoomba kubadili nenosiri, ujumbe wa kunisaidia ulitumwa kwenye sanduku nisiloweza tena kulifungua.

Ndipo nilipotafuta taarifa za usajili kupitia ICANN, shirika linalosimamia mfumo wa majina ya intaneti, nikakuta kwamba mwenye domeni ni muuzaji. Mara nyingi jina la mwenye domeni hufichwa kwa sababu za faragha, hivyo msitegemee taarifa hizo peke yake. Kipimo cha uhakika zaidi ni kama mnayo akaunti yenu wenyewe kwa msajili (kampuni inayoandikisha domeni), iliyofunguliwa kwa barua pepe isiyotegemea domeni hiyo. Kwa domeni kama za .com na .org, mwenye jina akiomba nambari ya siri ya kuhamishia, msajili hutakiwa kumpa ndani ya siku 5, ingawa domeni iliyosajiliwa karibuni huweza kuzuiwa isihamishwe kwa siku 60. Domeni za nchi zina taratibu zake. Haki hiyo, hata hivyo, ni ya yule aliyeandikishwa, wala risiti zangu zote za malipo hazikunifaa kitu mbele ya msajili.

Mafaili nayo niliyapoteza, kwa sababu nakala rudufu zilikaa kwenye seva ileile, na kosa hilo nalikubali kuwa langu. Kuhusu lile neno "bila kikomo" alilolitangaza kwa herufi kubwa, someni masharti hadi mwisho: nafasi ya diski inaweza kweli kutajwa kuwa haina kikomo, huku idadi ya mafaili ikiwa imewekewa mpaka.

Kabla ya kulipa chochote, mwulizeni muuzaji kwa maandishi: domeni itaandikishwa kwa jina na barua pepe ya nani, bei ya kuhuisha mwaka wa pili ni ipi, na je, nikiomba nambari ya kuhamishia nitapewa bila ada? Rafiki yangu aliyekuwa akiitamani ofa ileile alimwuliza muuzaji huyo maswali haya matatu. Alijibiwa kwamba mambo hayo huzungumzwa baada ya malipo, naye hakulipa.